Daktari wa Zizini: Mafahali watatu usiku mmoja

Barua nne za mwezi huu zimetoka kwa watu wasiojuana: mwanafunzi, mwenye bucha, mama wa ng'ombe mmoja na mlinzi wa kambi. Nimezijibu pamoja kwa sababu zote zinaishia mahali pamoja, tumboni mwa mnyama, kati ya figo na ini. Kabla sijaenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo nilikuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka 11, na mengi ninayoyasema hapa niliyashika kwa mkono kabla sijayakuta kitabuni.

KINUNDU KANDO YA FIGO

Shikamoo daktari. Niko kidato cha tano, Iringa. Likizo iliyopita babu alichinja beberu, nami nikapewa kazi ya kutoa figo. Kwenye mafuta ya figo ya kulia, upande wa kichwani, nilikuta kinundu kigumu kama harage. Babu alisema ni jipu lililokauka, akakitupa. Upande wa kushoto niliipapasa figo yote, sikuona kitu. Je, mbuzi alikuwa mgonjwa? Na sisi tuliomla?

Marahaba, mwanangu. Beberu wa babu alikuwa mzima, nanyi mliomla hamna neno. Ulichokishika ni tezi ya adrenali. Kila mbuzi anazo mbili, nawe unazo mbili. Sisi binadamu kwa kuwa tunasimama wima, zetu zimekaa juu ya figo kama kofia. Kwa mnyama wa miguu minne ziko mbele ya figo, kuelekea kichwani, zimezama ndani ya mafuta, na wachinjaji wengi huzitupa pamoja na hayo mafuta bila kuzijua.

Ya kushoto hukuiona kwa sababu uliitafuta kwenye figo. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wana tumbo kubwa upande wa kushoto, na likijaa majani huisukuma figo ya kushoto hadi ikavuka uti wa mgongo kwenda kulia. Tezi haiifuati. Inabaki karibu na mshipa mkubwa wa damu unaopita chini ya uti wa mgongo. Safari nyingine papasa hapo.

Ukiipata, ioshe, uikate katikati kwa wembe. Utaona ganda la nje la rangi ya kahawia na kiini kilichopauka. Hizo ni tezi mbili zilizovaana. Kiini hutengeneza adrenalini na ndugu yake noradrenalini, homoni za kushtuka. Ganda hutengeneza kotisoli, homoni ya msongo. Kiini kinapokea neva zitokazo kwenye uti wa mgongo, kwa hiyo mbuzi akimwona chui, amri inafika kabla hujahesabu mbili. Ganda lenyewe husubiri ujumbe unaosafiri kwa damu kutoka tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kotisoli huanza kupanda baada ya dakika chache. Kuna jambo moja hapa ambalo hadi leo nikilifikiria nastaajabu: damu hupitia ganda kwanza ndipo iingie kwenye kiini, na kotisoli inayobebwa humo ndiyo inayokiwezesha kiini kuigeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Jirani asipoleta chumvi, mchuzi haukolei.

Bartolomeo Eustachi wa Italia alizieleza tezi hizi miaka ya 1560, lakini michoro yake haikujulikana kwa karibu miaka mia moja na hamsini. Mwaka 1856 Brown-Séquard, huko Ufaransa, aliziondoa kwa wanyama akaona wanakufa. Mwaka 1901 Mjapani Jokichi Takamine, akifanya kazi Marekani, alitangaza kwamba amepata adrenalini safi, chembe nyeupe zilizotolewa kwenye tezi za wanyama wa machinjioni. Malighafi yake ilikuwa vinundu kama hicho babu alichokitupa. Mwambie babu, kwa heshima.

MAFAHALI WATATU, ZIZI MOJA

Salaam daktari. Nina bucha Mlandizi. Nanunua mafahali mnadani Pugu, mara nyingi watatu kwa wauzaji watatu. Nilisoma kwenye ukurasa huu kwamba mnyama apumzishwe kabla ya kuchinjwa, basi nikawa nawafikisha jioni, nawaweka zizi moja, nawapa maji, alfajiri tunachinja. Mwezi uliopita nyama ya wawili ilitoka nyeusi tii, inanata kwenye kisu, imekauka. Mkaguzi alipiga muhuri, lakini wateja wanasema nimewauzia kibudu. Jirani yangu anasema hofu ya ng'ombe imeingia kwenye nyama na mlaji atapanda presha. Nimepata hasara, na nimechoka kuitwa mwongo.

Pole sana ndugu yangu. Sehemu ya kosa ni langu: niliandika "apumzishwe" nikaishia hapo, sikusema apumzishwe vipi wala na nani.

Mwaka wangu wa tatu kazini mvua ilikata barabara, nikalala kwenye machinjio. Zizini palikuwa na mafahali watano walioletwa na watu tofauti. Nilitoka na tochi kuwatazama, na sikurudi kulala. Mafahali wasiojuana hawalali. Mmoja, mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, aliwapanda wenzake, akapandwa, wakasukumana vichwa, wakazungushana kwenye matope hadi saa tisa usiku. Mvuke ulikuwa ukipanda migongoni mwao kama chungu kilichofunuliwa. Kulipokucha nilimkuta amesimama kimya, macho yametulia, anapumua taratibu. Nikaandika kwenye daftari: mzima, ametulia. Tukachinja. Paja lake lilikuwa na rangi ya bilinganya, na kesho yake kipimo cha asidi (pH, ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi) kilisoma juu ya 6. Nyama ya fahali aliyechinjwa akiwa na nguvu zake hushuka hadi 5.5 hivi ndani ya siku moja.

Swali lililonikaa kichwani ni hili: ng'ombe mwenyewe alikuwa ametulia, mbona nyama haikutulia?

Kwanza, alitulia kweli. Adrenalini ikishamwagwa kwenye damu haidumu. Ukihesabu dakika mbili au tatu, nusu yake imekwisha kuondolewa. Dakika mbili tatu nyingine, nusu ya iliyobaki. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika tumboni. Ini lina vimeng'enya vinavyoikamata adrenalini na kuibadili umbo isiweze tena kuamrisha kitu. Kimoja kati ya hivyo kilitambuliwa na Julius Axelrod wa Marekani miaka ya 1950, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1970. Mabaki huenda kwenye figo na kutoka na mkojo. Kotisoli huondoka polepole zaidi, hiyo unaihesabu kwa makumi ya dakika, lakini nayo njia yake ni hiyo hiyo, ini kisha figo.

Tena adrenali si mlango pekee wa kutolea. Utumbo wenyewe umejaa neva zinazomwaga noradrenalini mnyama anapotishika, ndiyo maana mmeng'enyo husimama. Noradrenalini nyingi hubaki pale pale, lakini inayovuja inaingia kwenye damu ya utumbo. Sasa tazama lilivyopangwa umbo la mnyama: damu yote ya utumbo, ya tumbo na ya wengu hukusanyika kwenye mshipa mmoja mnene unaoingia ini kabla ya kurudi moyoni. Wewe unaufahamu mshipa huo, ndio unaoukata unapolitenga ini na utumbo. Noradrenalini ya utumbo hupita hapo, na ini huinasa karibu yote. Ingekuwa si hivyo, kila tumbo linaposhtuka moyo nao ungepigwa na wimbi hilo.

Kwa hiyo alfajiri ile damu ya fahali mwekundu ilikuwa imekwisha kusafishwa. Lakini adrenalini kabla haijaondoka ilikuwa imetoa amri, na amri ilikuwa imetekelezwa. Misuli ina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni. Adrenalini ikifika, misuli huivunja akiba hiyo na kuichoma, na kupandana na kusukumana kwa usiku kucha huimaliza iliyobaki. Ini laweza kuondoa adrenalini kwa dakika. Kuijaza upya misuli ni hesabu nyingine kabisa, tena kwa ng'ombe ni ngumu kuliko kwa nguruwe au kwa sisi, kwa sababu sukari ya majani huliwa na vijidudu vya tumbo kubwa. Ng'ombe hupata asidi zinazotokana na kuchachuka, na ini ndilo linalokaa kuzigeuza kuwa sukari, kidogo kidogo. Ng'ombe aliyemaliza akiba yake huhitaji siku kadhaa za malisho mazuri na utulivu, mara nyingine zaidi ya wiki. Usiku mmoja wa maji matupu haurudishi kitu.

Mnyama akishachinjwa, glaikojeni iliyomo kwenye misuli hugeuka asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wa kuvutia, unyevunyevu na uwezo wa kukaa. Ikiwa akiba imekwisha, asidi haitengenezwi. Nyama hushikilia maji yake ndani, hunata, huonekana nyeusi, na bakteria hustawi humo upesi. Hiyo ndiyo nyama yako. Si kibudu. Lakini wateja wako usiwalaumu, kwa maana nyama nyeusi yaweza pia kutokana na mnyama mwenye homa au ambaye damu haikutoka vizuri, na jicho la mlaji haliwezi kutofautisha. Muhuri wa mkaguzi ndio shahidi wako, utundike pale unapoonekana. Nyama yenyewe iuze siku hiyo hiyo, ipikwe siku hiyo hiyo, usiiweke kusubiri kesho.

Sasa zizi lako. Ama ununue wote watatu kwa muuzaji mmoja, waliokua pamoja, ama uwatenge kila mmoja na chumba chake hata kama ni kwa mbao za kuokota. Kama huna nafasi ya kuwatenga, basi afadhali uwachinje mapema baada ya kufika, wakishatulia kidogo na kunywa maji, kuliko kuwalaza pamoja. Na fimbo iwekwe nje. Nimeona vijana wakiwapiga ng'ombe kwenye mlango wa mwisho ili tu foleni iende, na kila pigo ni adrenalini nyingine juu ya misuli isiyo na kitu.

Kuhusu presha, mtulize jirani. Adrenalini ukiimeza haikufikii: ukuta wa utumbo wako na ini lako huiharibu kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Hospitali huitoa kwa sindano, hawaitoi kwa kidonge, na sababu ndiyo hiyo. Kotisoli ni tofauti, yenyewe huhimili safari ya tumboni, na wagonjwa hupewa vidonge vyake kwa jina la haidrokotisoni, mara nyingi vya miligramu 10. Lakini lita nzima ya damu ya ng'ombe aliyesumbuliwa sana haina hata sehemu moja ya hamsini ya kidonge kama hicho, na damu hiyo umeimwaga chini. Anayekula mishikaki yako hali hofu ya mtu.

MAZIWA YALIYOKATIKA

Daktari, habari za kazi. Niko Hai, Kilimanjaro, nina ng'ombe mmoja wa maziwa, asubuhi ananipa lita 6. Jumanne mbwa wa jirani aliingia bandani nikiwa nakamua, ng'ombe akarusha teke, ndoo ikapinduka. Niliposhika tena chuchu, maziwa hayakuja. Je, hofu imeyakausha? Nimemkamua kwa nguvu hadi mikono ikaniuma.

Pole mama, na mikono yako uipumzishe. Maziwa yamo kiweleni. Kinachoyashusha ni homoni nyingine, oksitosini, inayotoka ubongoni pale unapokiosha kiwele na kukikanda, au ndama anapokigonga. Adrenalini ya zile tezi za kando ya figo huibana mishipa ya damu ya kiwele, oksitosini isifike vizuri, na hata ikifika huizuia isifanye kazi. Mwaka 1941 watafiti wawili wa Marekani, Ely na Petersen, walilionesha jambo hili kwa njia ambayo mfugaji yeyote ataielewa: waliwatisha ng'ombe wakati wa kukamuliwa kwa kupasua mifuko ya karatasi na kuwawekea paka mgongoni. Maziwa yalikatika kama yako.

Basi fanya hivi. Mbwa aondoke kabisa, asisikike hata akibweka kwa mbali. Mpe ng'ombe pumba na maji, ukae naye, umsemeshe kama ulivyozoea kumsemesha. Baada ya dakika 20 hivi ini litakuwa limeshaondoa karibu adrenalini yote. Osha kiwele upya kwa maji ya uvuguvugu, ukande taratibu, kama kuna ndama mlete agonge kidogo, ndipo ukamue. Ukimkamua kwa nguvu akiwa bado na hofu unamwongezea maumivu, na maumivu yanaita adrenalini nyingine. Yakibaki maziwa mengi, yatoe jioni bila kukosa, na uangalie mabonge kwenye maziwa ya kwanza kwa siku mbili tatu, yasije yakawa mwanzo wa ugonjwa wa kiwele.

KINYESI CHA TEMBO

Daktari, shikamoo. Nalinda kambi karibu na Mikumi. Walipita watafiti wakiokota kinyesi cha tembo kwa glavu na kukitia kwenye mirija, nikaambiwa wanapima msongo wa tembo. Wenzangu walicheka sana. Je, kinyesi chaweza kujua moyo wa mnyama? Na wakirudi wakaniomba niwasaidie kuokota, nifanyeje nisiwaharibie?

Marahaba. Wenzako wasicheke, kwa sababu moja ya kazi nzuri za namna hiyo imefanyika hapo hapo mlipo.

Nimesema juu kwamba ini hubadili umbo la kotisoli. Hubadilishwa, hufungwa na kitu kinachoifanya iyeyuke kwenye maji, kisha hupewa njia mbili. Njia moja ni figo na mkojo. Njia ya pili ni nyongo, inayoimwaga kwenye utumbo, na kutoka hapo hutoka na kinyesi. Kila mnyama ana mgawo wake. Paka, kwa mfano, zaidi ya robo tatu ya mabaki yake ya kotisoli hutokea kwenye kinyesi. Tembo hana hata mfuko wa nyongo, nyongo yake hushuka moja kwa moja kutoka ini hadi utumboni. Kwa kuwa chakula huchukua kama siku nzima au zaidi kupita kwenye utumbo ule mrefu, kinyesi cha leo hueleza yaliyompata tembo jana. Na hilo ndilo lenye thamani. Ukimkimbiza tembo umchome sindano upate damu, utapima hofu ya sindano yako. Kinyesi amekiacha njiani mwenyewe, bila kujua kwamba kuna mtu anamfuata.

Mwaka 2008 Kathleen Gobush na Samuel Wasser wa Marekani, pamoja na Profesa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walichapisha walichokikuta kwenye vinyesi vya tembo majike wa Mikumi. Ujangili wa kabla ya katazo la biashara ya pembe la mwaka 1989 ulikuwa umeua hasa wakubwa wenye pembe ndefu, na familia nyingi zilibaki bila bibi wa kuziongoza. Majike walioishi kwenye makundi yasiyo na bibi mzee, yasiyo na ndugu wa karibu, walikuwa na mabaki mengi zaidi ya homoni za msongo kuliko waliokuwa na ndugu zao, tena walizaa kidogo. Bunduki zilikuwa zimenyamaza miaka mingi. Nilipoisoma kazi ile nilimkumbuka fahali mwekundu. Yeye usiku mmoja ulimtosha kumaliza akiba yake, na ini lake lilimaliza kazi kabla ya jua kutoka. Majike hawa tezi zao zilikuwa zikimwaga kila siku, na ini likiondoa kila siku, kwa sababu kilichowasumbua hakikuwa mbwa anayeweza kufukuzwa bandani.

Wakirudi, kwanza usisogelee kinyesi kabla kundi halijaenda mbali. Chukua kilichotoka muda mfupi, ambacho bado kina joto na utando wa unyevu juu yake. Vaa glavu. Homoni haikai sawasawa ndani ya bonge moja, basi chukua kidogo kwenye mabonge kadhaa ya rundo lile lile, uchanganye vizuri kwenye mfuko, uepuke kipande kilicholowa mkojo. Andika saa na mahali hapo hapo, usingoje kufika kambini. Kisha kiwekwe kwenye barafu au dawa watakayokupa mara moja, maana bakteria wa kinyesi hawaachi kuzibadili homoni hizo hata baada ya tembo kuondoka.